Neno la Mtambo

Juzi dukani mama mmoja alinishika mkono mbele ya rafu ya sabuni, akaniuliza kama mimi ndiye yule wa gazetini na kama ni kweli Nyapara aliniua. Nikamwambia, mama, marehemu hawanunui sabuni. Akacheka, kisha akanitazama shingoni, akaacha kucheka.

Basi mnakumbuka niliwaacha wapi. Nilikuwa chali juu ya jukwaa la mtambo, mkono wa Nyapara uko kooni mwangu, na mimi nimeanza kuona nyota mchana kweupe.

Kwa aliyechelewa, habari yenyewe ni hii. Tulikuwa tunatafuta madini ya urani. Chini ya kambi yetu kuna bonde la kale lililojaa mchangamawe, mchanga uliogeuka jiwe, kwenda chini mpaka mtu unachoka kufikiria. Urani, kama ipo, hukaa kule mwisho, pale mchanga unapokutana na mwamba mgumu wa zamani. Kazi yetu ni kutoboa na kutoa miche ya mawe, mirefu kama miche ya sabuni, ili mtaalamu apitishe kipimo chake juu yake. Kipimo hicho tulikiita Chiriku, kwa sababu kikikuta kitu hakina breki mdomoni.

Wiki ile Chiriku alianza kupiga domo. Miche ilikuja imepauka, wekundu wa mchangamawe umekwisha, jiwe limelegea kama udongo wa kufinyangia vyungu. Kisha ukaja mstari mweusi. Mtaalamu nusura alie kwa furaha. Akapanda gari kwenda mjini kupeleka habari, akatuachia sharti moja tu, kwamba maji yanayorudi kutoka shimoni yasiguse ardhi. Yaishie kwenye dimbwi lililotandikwa turubai, lori lije liyanyonye.

Dimbwi likajaa, lori halikuja. Nyapara alijua wakubwa wako njiani na alitaka wamkute anatoboa, si amekaa anasubiri lori. Tulipokuwa tunavuta mabomba ili tubadilishe jino la chini, yeye akachimba mfereji, maji yale ya kijivu yakashika njia kuelekea kijito ambacho jiko letu linachota. Nikachukua koleo nikauziba mfereji. Akanipokonya koleo, akanivunjia mpini wake mgongoni. Nikainuka nikakimbilia jukwaani kwenda kuzima injini, na hapo ndipo aliponidaka.

Na Nyapara si mtu baki. Ni kaka mkubwa wa mke wangu, shemeji yangu mwenyewe, ndiye aliyesimamia ndoa yetu kwa kuwa baba yao hakuwahi kuiona. Mke wangu alikuwa mpishi wa kambi. Na aliyekuwa kwenye leva siku hiyo ni mdogo wangu, tumbo moja, ambaye mtamboni walimwita Sikio. Alikuwa na sikio moja tu linalofanya kazi. La kushoto lilikufa siku tangi la upepo lilipopasuka karibu yake.

Sasa tuendelee.

Lazima mjue jambo moja la mtamboni, msipolijua hamtaelewa chochote. Mabomba tunayotobolea huning'inia shimoni kwa uzito ambao hakuna binadamu wa kuubishia. Mdomoni mwa shimo kuna taya za chuma zinazoyabana yasianguke. Tuliziita Mamba. Winchi ikishachukua uzito, fundi wa juu husema "Achia", na mtu wa leva hufungua Mamba.

Neno hilo Nyapara alikuwa amelitenga. Ukitaka spana, sema nipe. Ukitaka mwenzio atoe mkono, sema toa mkono. Kuna mtu aliwahi kumwambia mwenzake kwa utani aachie simu yake, akala kofi mpaka kofia ikaenda zake. "Achia ni neno la mtambo," Nyapara alituambia siku ile. "Ukilisikia, fungua kwanza, maswali baadaye."

Mdogo wangu alilishika hilo kuliko wote. Mwenye sikio moja hana nafasi ya kuuliza mara ya pili.

Leva yenyewe iko nyuma ya nguzo, na kati yake na sisi kuna injini inayonguruma. Sikio alikuwa ametupa mgongo, anatazama saa ya kupimia uzito wa winchi, hajui kama kaka yake anauawa hatua chache nyuma yake. Winchi ilikuwa haijafungwa kwenye bomba. Mamba peke yake ndiye aliyeubeba uzito wote.

Nyapara aliniminya kwa mkono wa kushoto. Wa kulia aliunyosha kuitafuta spana kubwa iliyokuwa bado imeng'ata bomba, amalizie kazi. Nilimwona usoni. Hakuwa na hasira tena, na hilo ndilo lililonitisha, alikuwa kama mtu anayefunga nati ya mwisho aende kula.

Ndipo mke wangu akapanda ngazi.

Alikuja na ndoo ya maji ya kijivu aliyoyakuta kwenye kijito, aje amwoneshe kaka yake anachotaka kutulisha. Akatukuta hivyo. Ndoo ikamtoka. Akapiga kelele kama mtu yeyote angepiga kelele.

"Kaka, achia."

Angesema mwache, leo ningekuwa nawasimulia mambo mengine kabisa. Lakini ngazi iko upande wa kulia, upande wa sikio zima la mdogo wangu, na ndani ya ngurumo ile sauti zote zinakuwa moja. Sikio akasikia neno la mtambo. Akafungua.

Mabomba yakaenda yote. Spana ikashuka nayo, na mkono wa Nyapara ulikuwa chini ya spana. Sikusikia mfupa ukivunjika, nilihisi tu jukwaa limetikisika na uso wangu umelowa kitu cha moto. Kisha kule chini kabisa ya bonde ikasikika ngurumo kama ya radi, ndefu, mpaka ikanyamaza.

Vidole vikaniachia. Nyapara akaketi. Akautazama mkono wake, ulioishia kwenye kiwiko, akakitazama na kile kipande kilichobaki juu ya Mamba na glavu yake. Hakulia.

"Nani kasema?" akauliza. "Nani kasema neno?"

Kisha akaanguka ubavu.

Nilimfunga kwa mkanda wangu mwenyewe. Mtu alikuwa anataka kuniua sasa hivi, na mimi namkaza mkanda kwa meno ili damu isimwishie, na machozi yananitoka. Nilimchukia na nilimwomba asife. Yote mawili yalikuwa ya kweli. Dereva akamtupa nyuma ya gari pamoja na mkono wake ndani ya ndoo ile ile ya mke wangu, wakaondoka na vumbi.

Hapo vijana wa mtambo ndipo walipomkumbuka Sikio.

Waliompenda Nyapara walikuwa wengi, kwa jinsi watu wanavyompenda mtu anayewapiga lakini anawatetea kwa wakubwa. Aliyeongoza alikuwa yule wa kufunga minyororo, jitu la mabega, tulimwita Kabati. Walimburuta mdogo wangu kutoka kwenye leva kwa kola. Alikuwa bado anauliza kuna nini, anageuza kichwa huku na huku apate kusikia. Kabati akampiga kwa bomba la mpira usoni. Wa pili akampiga kwa teke. Wakamfikisha dimbwini, wakamtumbukiza kichwa kwenye uji ule wa kijivu, yale yale maji ambayo Chiriku alikuwa akiyapigia kelele wiki ile.

Walimtoa, akakohoa, wakamrudisha. Miguu yake ikawa inapiga turubai.

Nilimrukia Kabati mgongoni nikamng'ata sikio. Nisiwadanganye, nilitaka kuling'oa. Akanitupa kama koti. Nikainuka, nikarudi, nikapigwa kiwiko na jino langu la mbele likabaki kwenye tope. Miguu ya mdogo wangu ilikuwa imeanza kupiga polepole.

Mke wangu alikuwa amesimama pale pale juu ya ngazi. Hakushuka. Mdomo wake ulikuwa wazi na hakuna kilichotoka.

Ndipo niliposema uongo ambao ndio unaonila mpaka leo.

"Mimi ndiye niliyesema," nikawaambia. Sauti ilitoka kama mlango mbovu. "Nilisema achia. Yeye amefanya kazi yake."

Wakamtoa. Akalala kando ya dimbwi anatapika maji ya kijivu. Wote wakanitazama, na kwa kuwa bado walikuwa na nguvu na mtu wa kupiga amepatikana, wakanihamia mimi. Sikuwalaumu sana, kwani zamu ile nilikuwa nimeiomba mwenyewe. Waliacha tu gari la polisi, lililoitwa kwa simu kutoka ofisini, lilipoonekana kwenye njia ya vumbi.

Polisi walimfunga pingu Sikio, mimi wakaniambia nisitoke kambini. Nilimkuta mke wangu jikoni, anajisugua mikono kwenye karai. Damu ilikuwa imekwisha kutoka zamani. Alikuwa anasugua ngozi.

Nilimwambia aache. Hakuacha. Nikaishika mikono yake ndani ya maji.

"Usiseme ni mimi," akasema.

"Sitasema."

"Mama akisikia ni mdomo wangu uliomkata kaka mkono, hatanitazama tena. Niapie."

Nikamwapia. Ningemwapia chochote wakati ule, alikuwa ameniokoa roho na hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kufurahi. Tukapatana. Mimi nitasema kwamba nililisema neno nilipokuwa napigana, yeye atasema amenisikia. Itakuwa ajali, Sikio ataachiwa, na Nyapara akipona tutamwomba radhi sote watatu, hata kwa magoti. Alitikisa kichwa kukubali. Akanifuta damu mdomoni kwa kanga yake, akaniambia jino lile halikunipendeza tangu zamani. Nikacheka, ikaniuma koo. Niliamini tumemaliza.

Afande alikaa kwenye kontena la ofisi, pale ambapo mtaalamu hupanga masanduku ya miche ya mawe. Mdogo wangu walikuwa wamemfunga pingu kwenye mguu wa rafu. Jicho moja limeziba, midomo imepasuka, lakini aliponiona alitabasamu. Nikaketi upande wake wa kulia ili anisikie.

"Kaka, usiogope," akaninong'oneza. "Shemeji alikuwepo. Yeye ameona. Akija ataeleza."

Mdogo wangu huyu amekulia nyumbani kwangu. Mke wangu ndiye aliyempikia uji alipokuwa hawezi kutembea baada ya lile tangi. Kwake yeye, neno la shemeji yake halina mjadala.

Nikamweleza Afande habari yangu kama tulivyopatana. Alikuwa mtu mpole, mwenye mafua, anafuta pua kila mara. Alinisogelea na kiti. Kisha akasogea tena. Akainama mpaka nikasikia harufu ya dawa ya kifua.

"Ulisema neno kabla hajakukaba au baada?"

"Kabla."

"Ulikuwa unamwambia nani?"

"Nyapara. Nilitaka aniachie."

"Akuachie nini, na hajakushika?"

Nikasema basi, ilikuwa baada. Alikuwa ameshanishika. Akauliza amenishika wapi. Jibu lilikuwa limeandikwa shingoni kwangu, vidole vyote, na mimi mwenyewe ndiye niliyefungua kola polisi walipofika, kuwaonesha kwamba nusura niuawe. Nilidhani alama zile ndizo utetezi wetu.

Afande akatazama shingo yangu kwa muda. Akaniambia nilitamke neno lile kwa sauti, kama nilivyolitamka mtamboni. Nikavuta pumzi. Nikajaribu kwa nguvu zangu zote, mishipa ikanisimama. Ilitoka hewa tu.

"Mimi nimekuinamia hapa," akasema bila kuinua sauti, "hakuna injini, nina masikio mawili, na sikusikii. Huyu ana moja. Alikusikiaje, na mkono wa mtu uko kooni mwako?"

Nilikuwa nimekwenda pale kumfungua mdogo wangu na nimemkaza pingu kwa mikono yangu. Maana kama si mimi niliyesema, na hakuna mwingine aliyesema, basi Sikio alifungua Mamba kwa kupenda kwake, ameona kaka yake anakabwa akaamua kumkata mtu.

Afande aliligeuza hilo taratibu mbele yetu. Akasema likibaki hivyo halitaitwa ajali. Akamwagiza askari amlete mpishi.

Mke wangu akaingia. Alikuwa amebadilisha kanga, amejifunga vizuri, na alinitazama moja kwa moja, kwa macho ya mtu anayejua alichokuja kusema. Moyo ukanitulia kidogo. Niliona hata yeye akisema ni mimi haitatosha, itabidi aseme kweli. Nikamtazama nikimwomba kwa macho. Sema kweli, mke wangu, nimekufungulia kiapo. Nadhani alinielewa. Alivuta pumzi.

Mlango ukafunguka nyuma yake.

Alikuwa dereva, shati lote limekauka damu. Alivua kofia. Alimtazama mke wangu, akatazama chini, akaanza kuikunja kofia ile mkononi.

"Hatukufika naye," akasema. "Njia nzima alikuwa anauliza nani kasema neno. Kisha akaacha kuuliza."

Mke wangu aliketi juu ya sanduku la miche. Hakulia. Alipitisha kiganja juu ya yale mawe yaliyopauka, polepole, kama mtu anayefuta vumbi mezani. Nilitaka kwenda kumshika, askari akaniwekea mkono begani.

Afande akamwambia pole. Akamwambia maswali yanaweza kusubiri.

"Uliza," akasema mke wangu.

"Mama, haraka haipo."

"Nimesema uliza."

Afande akafuta pua. Akaweka kitambaa mfukoni.

"Mumeo anasema yeye ndiye aliyetamka achia. Shemeji yako huyu anasema alisikia mtu akitamka. Wewe ulikuwa juu ya ngazi. Nani alisema?"

Alimtazama mdogo wangu. Alimtazama kwa muda mrefu, yule kijana aliyemlisha uji kwa kijiko, na Sikio akamtikisia kichwa kumtia moyo, akimpa pole ya msiba bila sauti. Kisha akanitazama mimi. Nimelala na mwanamke huyu miaka yote hiyo na sikuwahi kuyaona macho yale. Nikajua kabla hajafungua mdomo.

"Hakuna," akasema.

"Hakuna nini?"

"Hakuna aliyesema. Nilikuwepo, sikusikia mtu. Alifungua mwenyewe."

Alilisema taratibu, karibu kwa kunong'ona, akiwa upande wa kushoto wa mdogo wangu, upande wa sikio lililokufa.

Sikio alikuwa bado anatabasamu na midomo yake iliyopasuka. Alinivuta shati kwa mkono uliobaki bila pingu, akaniinamishia lile sikio zima.

"Kaka," akaniuliza, "shemeji amesemaje?"